Mchungaji, Umepima?

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msomaji asidhani kwamba nawanyoshea wenzangu kidole nikiwa nimesimama mahali pakavu.

Jumamosi moja ya Kwaresima, miaka kadhaa iliyopita, niliwapeleka vijana wa usharika kufanya usafi wa ufuo wa Malindi, Unguja, upande ule wa Funguni ambako madau na boti za uvuvi hupumzika. Tulivaa fulana za rangi moja. Tuliokota chupa za plastiki, ndala zilizokatika na vipande vya nyavu, tukajaza magunia. Maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa sana, na matope meusi yalikuwa wazi, yakitoa harufu ya mayai yaliyooza. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta kombe kwa kijiti alituambia kwamba zamani alijaza kikapu kabla maji hayajarudi, na siku hizi anarudi na za kuhesabika. Akauliza, bila kumtazama mtu, kama zile chache anazopata zinafaa kuliwa na wajukuu.

Nami, kwa kuwa nilikuwa na kipaza sauti cha mkononi, nilihubiri badala ya kumjibu. Nilisema bahari inakufa kwa sababu ya dhambi. Nikaitaja dhambi yenyewe: mafundi wa mashine wanaomwaga oili chafu, wavuvi wasiojali, wachuuzi wanaotupa matumbo ya samaki. Nikawaita watubu.

Mzee mmoja fundi boti, Mwislamu wa mtaani pale, aliyekuwa akiziba nyufa za chombo kwa kalafati, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniita kando.

"Padri, umepima?"

"Kupima nini, mzee wangu?"

"Hiyo sumu unayosema. Umepima?"

Nikamjibu kwamba hakuna haja ya kupima, mambo yanaonekana kwa macho. Akaonyesha vidole vyake vilivyojaa lami. "Oili inaelea. Wewe unahubiri habari ya matope. Sasa kilichoko chini kimefikaje chini? Mimi sikatai kosa langu, padri. Lakini usinihukumu kwa macho."

Sikuwa na jibu. Niliondoka na magunia yangu ya chupa. Makala hii ni jibu langu lililochelewa, na ninaliandika kwa watu wa kanisa langu, hasa kwa wachungaji wenzangu, kwa sababu naamini kosa langu la siku ile ndilo kosa letu la kila siku. Tunapenda kuhubiri toba kabla ya kutafuta chanzo. Mimi nasema toba ya namna hiyo ni kelele. Na mara nyingi ni uongo juu ya jirani.

Tuiangalie Malindi yenyewe. Kijana anayeteremka leo kwenye feri ya Dar es Salaam anaona bandari, makontena, mnara wa msikiti wa Malindi na soko la samaki. Hajui kwamba Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari, Pwani Ndogo, uliingia ndani na kuutenga mji wa mawe na Ng'ambo. Maji yalijaa na kupwa humo kila siku. Jina la Darajani limebaki kama ushahidi: hapo palikuwa na daraja. Hatua kwa hatua, katika karne iliyopita, mkono ule ulifukiwa, na juu yake ikapita barabara tunayoiita leo Barabara ya Benjamin Mkapa. Mahali ambapo matope na maji ya mvua yalitulia na kuchujika palikuwa pameondolewa. Maji ya mji hayakuacha kutiririka kwa sababu sisi tumejenga barabara. Yalitafuta njia nyingine ya kufika baharini.

Wala uchafu wa ufuo haukuanza na mashine za boti. David Livingstone, ambaye sisi Wakristo tunapenda kumtaja tukipita Mkunazini, alipofika Unguja mwaka 1866 aliulalamikia uvundo wa ufuo hata akaubandika mji jina la dhihaka. Wakati ule hapakuwa na mashine hata moja ya boti ya mvuvi. Baadaye, chini ya utawala wa Kiingereza, mji wa mawe ulipata mabomba ya kubeba maji ya mvua na maji ya vyooni kwa pamoja, na mwisho wa mabomba hayo ni baharini. Mabomba yamekarabatiwa, mengine yamesogezwa mbele zaidi ndani ya maji, lakini bahari ndiyo iliyoendelea kupokea. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofuatilia alama za maji taka ya Mji Mkongwe katika bahari inayouzunguka, na mmoja wa waandishi wake alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi hiyo, kabla ya kuhamia Buyu, ilikuwa na ofisi zake Mizingani, hatua chache kutoka pale niliposimama na kipaza sauti. Elimu ilikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sikubisha hodi.

Niliporudi nyumbani jioni ile nilifanya kitu kidogo ambacho ningepaswa kukifanya kwanza. Niliuliza bomba la choo cha nyumba niliyopanga, nyumba ya zamani ya mawe, linakwenda wapi. Jirani akacheka. "Linakwenda kule ulikokuwa unahubiri, mchungaji." Nilikuwa nimewahukumu watu wa ufuoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nawamwagia kila asubuhi.

Sasa nieleze, kwa kadiri ya ufahamu wa mtu wa theolojia, kwa nini swali la yule mzee ni zito kuliko mahubiri yangu.

Matope ya mlango wa mto, ya mkono wa bahari au ya bandari ni kama daftari la madeni. Maji hupita, lakini chembe ndogo za udongo hutua chini, na zikitua hushika vitu: shaba na zinki, risasi, masalia ya mafuta, dawa za wadudu, rangi za vyombo. Kadiri udongo ulivyo laini ndivyo unavyoshika zaidi. Uchafu wa vyooni na matumbo ya samaki ukioza humo humaliza hewa, na ndipo matope yanapokuwa meusi na kunuka kama mayai yaliyooza. Katika kuoza huko hutokea pia amonia, ambayo peke yake inaweza kuua wadudu na kaa wadogo wa matopeni. Kwa hiyo unapokuta matope ambayo hakiishi kitu ndani yake, huwezi kusema kwa kutazama: hii ni risasi, au hii ni oili, au hii ni amonia tu. Yote yanaweza kuwemo kwa pamoja, na linaloua likawa moja tu. Na hata harufu inadanganya. Ile hali ya kukosa hewa inayotutia kichefuchefu hufunga baadhi ya madini yasidhuru, mpaka siku matope yanapochimbwa au kuvurugwa, ndipo yanapoachiliwa.

Wataalamu wana njia ya kumtafuta mwenye kosa. Huchukua matope, wakawatia humo viumbe wadogo jamii ya kamba, wakahesabu wangapi wanakufa. Kisha huyagawa matope yale katika vyombo kadhaa. Katika kimoja huchanganya unga wa mkaa wa vifuu vya nazi, kwa sababu mkaa ule hunasa sumu za jamii ya mafuta na dawa za wadudu. Katika kingine hutia chembe maalumu zinazonasa madini. Katika kingine huweka mwani wa kijani uitwao ulva, ambao hunyonya amonia. Kisha huwatia tena wale viumbe. Wakipona katika chombo chenye mkaa wa vifuu, mshukiwa ni jamii ya mafuta na dawa. Wakipona kwenye mwani, ni amonia. Wakiendelea kufa katika vyombo vyote, kazi inaanza upya. Mwongozo wa njia hii ulitolewa mwaka 2007 na idara ya mazingira ya Marekani. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kwa muda. Vifuu vya nazi na mwani! Vitu vinavyotupwa uani Unguja nzima, na vinavyooteshwa na akina mama wa Paje na Jambiani au kusukumwa ufuoni na mawimbi, ndivyo jamii ya vitu ambavyo wapelelezi wa sumu hutumia kusema nani ana hatia na nani hana. Sisi tulikuwa na magunia ya chupa na hukumu tayari mfukoni.

Na yule mzee alikuwa na jambo jingine la kunifundisha, ambalo nililielewa baadaye. Aliniambia kwamba jahazi la baba yake lilipakwa deheni chini, chokaa na mafuta, na sifa ubavuni. Rangi za kisasa za kuzuia viumbe kushika chini ya meli ni kitu kingine. Kwa miaka mingi meli za dunia zilipakwa rangi zenye mchanganyiko wa bati uitwao TBT. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, chaza walishindwa kuzaa na magamba yao yakaharibika, na wafugaji wa chaza wakafilisika. Uchunguzi ukaonyesha kwamba sumu ilitoka kwenye rangi za boti. Ufaransa ikaipiga marufuku rangi hiyo kwa boti ndogo mwaka 1982, na chaza wakaanza kurudi. Dunia nzima ilikubaliana juu ya mkataba mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Dawa nyingine zikachukua nafasi yake, mojawapo ikiitwa Irgarol 1051, na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pamoja na wenzao walichapisha utafiti kuhusu dawa hiyo hiyo katika matumbawe ya Zanzibar. Sisemi kwamba hiyo ndiyo inayoua kombe wa yule mama. Nikisema hivyo nitakuwa narudia dhambi yangu kwa maneno ya kisomi. Nasema hivi: orodha ya washukiwa ni ndefu kuliko oili ya mvuvi, na baadhi yao huja kwa meli kubwa na huondoka bila kuhubiriwa na mtu.

Najua majibu ambayo wenzangu watanipa, maana nimeyasikia katika vikao na nimewahi kuyatoa mwenyewe. Niyajibu moja moja.

La kwanza: kazi ya kanisa ni roho za watu, mambo ya matope tuwaachie wataalamu. Nawauliza wanaosema hivi, mmeisoma Torati? Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inaeleza habari ya maiti aliyekutwa kondeni na muuaji hajulikani. Mungu hakuwaambia Israeli waombe tu. Hakuwaambia wamkamate mtu maskini aliyekuwa karibu. Aliagiza wazee na waamuzi watoke, waende mahali pale penyewe, wapime umbali hadi miji inayozunguka. Kupima kulitangulia ibada. Baada ya kupima ndipo wazee wa mji ulio karibu walipoosha mikono na kuomba msamaha. Yule fundi boti, ambaye hakusoma Makumira, aliniuliza swali la Torati, nami mwenye vyeti sikulitambua. Elisha naye, watu wa Yeriko walipomlilia kwamba maji ni mabaya na nchi inazaa mapooza, alikwenda kwenye chemchemi. Ni habari ya Wafalme wa Pili sura ya 2. Hakusimama sokoni kuwakemea wachota maji. Alikwenda yanakotoka.

La pili: bahari ni kubwa, haichafuki. Maneno haya ni ya mtu asiyejua matope. Bahari ni kubwa, kweli, lakini sumu haigawanywi sawasawa baharini kote. Hutua karibu na inapomwagwa, penye maji yaliyotulia: bandarini, kwenye mikoko, kwenye vijito. Nao watu wanaokula kutoka hapo ni wale wasio na boti ya kwenda mbali. Ukubwa wa bahari ni faraja ya mwenye boti kubwa. Mama mwenye kijiti ana ufuo mmoja.

La tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu huvikwa vazi la imani: ni mapenzi ya Mungu, ni dalili za siku za mwisho. Minamata, Japani, mwaka 1956 ziligunduliwa rasmi dalili za ugonjwa wa ajabu kwa familia za wavuvi. Watoto walishindwa kutembea na kusema, paka walicheza wazimu na kufa. Majirani waliwatenga wagonjwa wakidhani ugonjwa unaambukiza. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema ni zebaki. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, na mwaka 1958 kilikuwa kimehamisha mfereji wake kwenda kwenye mdomo wa mto Minamata, hivyo ugonjwa ukaenea zaidi. Daktari wa kiwanda chenyewe aliwajaribu paka akaona ukweli, na matokeo yakafichwa. Serikali ilikiri rasmi chanzo mwaka 1968. Miaka 12! Watu walikula samaki wenye sumu kwa miaka 12 tangu ugonjwa utambuliwe, na 9 kati ya hiyo ni tangu chanzo kitajwe na wasomi. Kisha matope yenyewe ya ghuba ile yalianza kuchimbwa na kufukiwa mwaka 1977, na kazi ikaisha mwaka 1990. Anayesimama mbele ya mama wa Minamata na kumwambia ni mapenzi ya Mungu anamfanya Mungu kuwa ngao ya kiwanda. Hiyo si imani. Ni kulitaja bure jina la Bwana, na Amri ya Pili inatukataza.

Wengine hunipinga kwa Injili ya Yohana sura ya 9: wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na Yesu hakulikubali swali lao. Basi, wanasema, tusitafute chanzo. Wamesoma haraka. Yesu alikataa kumtwika mgonjwa na wazazi wake hatia isiyo yao. Alikataa kile kile nilichofanya mimi Funguni. Kisha hakukaa kimya. Alitema mate, akafanya tope, akashika kazi.

La nne: utafiti ni ghali. Ndiyo, ni ghali. Lakini hesabu zetu za sadaka zinatusuta. Tunapata fedha za fulana, za mabango, za kukodi spika na za chakula cha mgeni rasmi siku ya usafi. Chupa tulizookota zilihitaji kuokotwa, sikatai. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mapema, mwaka 2006, na ilifanya vema. Lakini chupa huokotwa kwa sababu huonekana na hupigwa picha. Hakuna anayepiga picha sampuli ya matope ndani ya chombo. Tukipeleka nusu ya gharama ya fulana zetu kwa wanafunzi wa chuo wanaohitaji nauli ya boti na vifaa vya kuchukulia sampuli, tutakuwa tumefanya tendo la huruma, ingawa halitatuletea makofi.

La tano husemwa kwa sauti ya chini: sisi Wakristo Unguja ni wachache, wengi wetu ni watu wa Bara, tusijiingize. Hapa nakiri kuna hekima. Mgeni anayefika na kipaza sauti kuwahukumu wenyeji anastahili kunyamazishwa, na yule mzee alininyamazisha kwa adabu kuliko nilivyostahili. Lakini uchache wetu hautuzuii kuuliza kuhusu mabomba yetu. Waumini wetu wengi wanafanya kazi hotelini, jikoni, kwenye kufua mashuka, kwenye kuendesha magari ya kunyonya vyoo. Wao wanajua maji yanamwagwa wapi kuliko mkaguzi yeyote. Je, tumewahi kuwauliza? Au tunawaombea kazi zao tu, bila kutaka kujua kazi hizo zinawaamuru kufanya nini usiku? Na tukiwauliza, tuko tayari kusimama nao wakifukuzwa kwa kusema kweli? Swali hili ni gumu kuliko swali la matope, nami naliogopa.

Kwa nini basi nasema kwamba jambo hili ni la imani, na hasa la sisi Walutheri? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Amri ya Nane. Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kwamba kutomshuhudia jirani uongo ni pamoja na kumtetea na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Tunawafundisha watoto wa kipaimara maelezo hayo mpaka wayakariri. Mtu anayetangaza chanzo cha sumu bila kupima anamshuhudia jirani uongo, hata kama kwa bahati amepatia. Na tazama ni nani hushuhudiwa uongo kila mara: mvuvi, mchuuzi, mama wa kombe. Huwezi kusikia mahubiri ya ufuoni yanayomtaja mwenye meli, mpangaji wa mji au mgeni wa hoteli aliyeoga mara tatu kwa siku. Aliye karibu na uchafu huhesabiwa kuwa ndiye mchafuzi. Lazaro alilala mlangoni penye makombo na mbwa, hakuyaleta yeye.

Ya pili ni msalaba. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Luther alisema kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kama kilivyo, na wa utukufu huita ubaya wema. Sisi tumeligeuza neno hilo kuwa mapambo ya mitihani. Kukiita kitu kama kilivyo, kwenye matope ya Malindi, ni kusema: hapa pana amonia kiasi hiki, pana shaba kiasi hiki, na hii imetoka kwenye bomba lile. Ungamo letu la jumla la Jumapili ni zuri na ni la lazima, maana mbele za Mungu tunaungama hata dhambi tusizozijua. Lakini Katekisimo hiyo hiyo inatuambia tupime hali zetu kwa Amri Kumi, kila mtu katika nafasi yake: baba, mama, bwana, mtumwa. Ungamo la jumla likitumika kukwepa ungamo la jina, limekuwa pazia. Mtu husema "sote tumeichafua bahari," na kwa kuwa ni sote, hakuna hata mmoja anayefunga bomba.

Jirani zetu wa Dar es Salaam wametuonyesha hatari ya toba isiyofika kwenye chanzo. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa ajili ya jaa la taka lililowaletea moshi na magonjwa, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Ilikuwa hukumu ya heshima. Lakini taka hazikutoweka. Miaka michache baadaye zilikuwa zinamwagwa Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, mto unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini penye Daraja la Salenda. Tabata ilipumua, mto ukalipa. Ukihamisha uchafu bila kuuliza unatoka wapi na kwa nini ni mwingi, umembadilisha tu jirani atakayeumia.

Basi nasema nini kifanyike? Sina mpango wa taifa, nina mambo manne ya usharika.

Tuache kuhubiri chanzo tusichokipima. Anayetaka kuhubiri habari ya bahari kwanza aende chuoni au kwa watu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, iliyowekwa na Sheria ya mwaka 2015, aulize ni nini kimepimwa, lini na wapi, na aombe matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wanaokula kutoka ufuo ule. Mama wa kombe ana haki ya kujibiwa kabla mimi sina haki ya kuhubiri.

Kila nyumba ya kanisa, kila hosteli na kila shule yetu, ifuatilie bomba lake hadi mwisho, na taarifa isomwe kwenye mkutano mkuu wa usharika pamoja na hesabu za fedha. Tukikuta aibu, tuisome hivyo hivyo.

Tuketi na masheikh wa mitaa, na wazee wa soko la samaki, na mafundi boti, bila kipaza sauti. Uislamu una elimu kubwa ya usafi wa maji, na wao ndio wenyeji wa ufuo. Tuende kama watu wenye swali.

Na tuwaandae vijana wetu kwenda kusoma sayansi za bahari kwa moyo ule ule tunaowaandaa kwenda Makumira. Anayehesabu kamba waliokufa katika chombo cha matope ili kumwondolea mvuvi hatia ya uongo anatumikia Amri ya Tano na ya Nane kwa pamoja.

Nabii Ezekieli, sura ya 47, aliona maji yakitoka hekaluni, yakishuka, yakiingia katika bahari iliyokufa, nayo ikapona, na wavuvi wakasimama kando yake wakitandaza nyavu. Tunalipenda fungu hilo. Lakini huwa tunaruka mstari mmoja: nabii anasema mahali pa matope na madimbwi hapataponywa. Nimeusoma mstari huo mara nyingi tangu siku ile ya Funguni. Sidai kujua yote aliyoyaona nabii. Najua tu kwamba hata katika ono la uponyaji mkubwa kiasi kile, mtu aliangalia matope kwa makini, akaona yana hali yake, akaisema bila kuipamba.

Yule mzee fundi bado nakutana naye nikivuka kwenda Dar. Humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, kisha huniuliza lile swali lake huku akitabasamu. Mara ya mwisho nilimwambia kwamba wanafunzi wawili wa chuo wamekubali kuja kuchukua matope, na kwamba nimewaomba waanze chini ya bomba la mtaa nilikokuwa nimepanga.

Akaweka nyundo chini. "Hapo sawa, padri," akasema. "Anzia kwako."